Tartibu ya Kustarehe Majira ya Mapukutiko Katika Nchi ya Bavaria

Watu wetu wanaokwenda kukaa Ujerumani kwa masomo, kwa kazi ya uuguzi, au kwa kuwafuata jamaa waliotangulia, aghalabu huonywa kabla ya safari juu ya baridi ya Januari, wakanunua makoti mazito na kuziandaa nyoyo zao kwa theluji. Lakini ni nadra kumpata mtu wa kuwapa habari za miezi mitatu inayoitangulia baridi hiyo, yaani Septemba, Oktoba na Novemba, ilhali hiyo ndiyo miezi ambayo mgeni huamua, pasipo yeye mwenyewe kujua, iwapo nchi ile ataipenda au ataivumilia tu. Asiyejua namna ya kuitumia huona siku zikipungua nuru moja baada ya moja, akajifungia chumbani na kuanza kuhesabu nauli ya kurudi kwao. Ama yule aliyefunzwa, huijua kuwa ni miezi ya neema, ambayo mavuno yamekwisha kuingia ghalani, uyoga umechomoza msituni, ng'ombe wanateremshwa kutoka milimani, na mapipa ya bia iliyongoja tangu mwisho wa baridi yanatobolewa.

Nimeichagua Bavaria, nchi ya kusini iliyo chini ya milima ya Alps na ambayo mji wake mkuu ni München, kwa sababu huko matembezi, mapishi na kinywaji vimekaa pamoja kwa karne nyingi hata kila kimoja kikawa na wakati wake katika siku na siku yake katika mwaka. Nasaha yangu yote imo katika tartibu hiyo: kwanza miguu, pili jungu, tatu bilauri. Mtu na atembee maadamu mwanga upo, ale akiwa na njaa aliyoichuma kwa jasho lake, na anywe baada ya kula, wakati hana tena njia ndefu mbele yake. Anayeigeuza tartibu hii akaanza na bilauri saa sita za mchana, hupoteza vitu vitatu kwa pamoja, kwani hatatembea, chakula atakila bila ladha, na hiyo bia yenyewe hataikumbuka. Na yule asiyekunywa kileo kwa ajili ya dini au ya siha yake asidhani kwamba makala haya hayamhusu, kwa kuwa mawili katika hayo matatu ni yake kamili, na la tatu pia analo fungu lake, nitakalolitaja mahali pake.

Kwanza yapasa kujua kwamba majira haya hayana sura moja. Mnamo tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku hulingana, na aghalabu huwapo siku nyingi za joto la upole, hasa ule upepo mkavu uitwao Föhn uteremkapo kutoka Alps ukaisafisha anga, hata milima iliyo mbali ikaonekana kana kwamba imesogezwa ukingoni mwa mji. Oktoba ni mwezi wa rangi: ukijani wa majani huvunjika kwa baridi na upungufu wa mwanga, na umanjano uliokuwamo ndani yake siku zote ukapata kuonekana. Kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mgeni asiyeonywa hushtuka kuona giza linaingia karibu na saa 11 za jioni. Na mpaka mwisho wa Novemba mchana mzima haufiki saa 9. Kwa hiyo mwenye hekima huigawa miezi hii: Septemba huishinda nje kutwa, Oktoba hutembea asubuhi na kupika jioni, na Novemba, mwezi wa ukungu, hufupisha matembezi na kurefusha mazungumzo ya mezani.

Tuanze basi na miguu. Mtu anayekusudia kutoka Jumapili sharti anunue mahitaji yake Jumamosi, kwa kuwa maduka, isipokuwa machache ya vituoni na mfano wake, hufungwa siku hiyo kwa amri ya sheria. Kwa nauli, iko tikiti ya siku moja iitwayo Bayern-Ticket, ambayo watu hadi watano waweza kusafiri nayo pamoja katika treni za mikoa kote Bavaria, kuanzia saa 3 asubuhi siku za kazi na tangu usiku wa manane siku za mwisho wa juma. Na faida yake si ya kupunguza gharama peke yake, bali pia humwondolea kila mmoja jukumu la kuendesha gari, jambo ambalo umuhimu wake utadhihirika tutakapofika kwenye bilauri. Mavazi na yawe ya tabaka tatu: ya ndani isiyo ya pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho na kumpoza mtu mara anaposimama, ya kati ya sufu, na ya juu ya kuzuia upepo na mvua. Viatu viwe na nyayo zenye meno, maana majani yaliyolowa huteleza mno. Na kurunzi ndogo isikose mfukoni, hata kama unadhani utarudi mapema.

Safari ya kwanza ninayomshauri mgeni ni ya Andechs. Hupandwa treni ya mjini nambari S8 kutoka München hadi kituo chake cha mwisho, Herrsching, penye ukingo wa ziwa Ammersee. Kutoka hapo njia hupanda polepole kwa muda wa kama saa moja katika bonde lenye msitu na kijito, mpaka kwenye kilima ambacho juu yake imesimama nyumba ya watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, ambao wamepika bia mahali hapo tangu mwaka 1455. Atangulie mtu kuingia kanisani, ambamo amezikwa Carl Orff, mtungaji wa muziki wa Carmina Burana, kisha aende barazani, ambako anga ikiwa safi milima huonekana upande wa kusini, na hapo ale na kunywa kwa nafasi. Lakini ajihadhari na ile bia nyeusi ya watawa, kwani kileo chake hupita asilimia 7, nayo haikutengenezwa kwa ajili ya kuzima kiu cha mtu aliyepanda mlima. Na aondoke mapema, jua lingalipo, kwa kuwa njia ile ya bondeni huingia giza kabla ya mahali pengine.

Safari ya pili ni ya kwenda kuwatazama ng'ombe wakirudi nyumbani. Wakati wa kiangazi mifugo hupelekwa malishoni juu milimani, na kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba huteremshwa vijijini, wakiwa na kengele kubwa shingoni; na iwapo hakuna mnyama wala mtu aliyepatwa na msiba juu huko, huvikwa mashada ya maua na matawi, ama ukitokea msiba hurudi bila pambo lolote. Katika jimbo la Allgäu siku hiyo ni ya soko na ngoma. Huko Berchtesgaden ng'ombe huvushwa ziwa Königssee kwa mashua, ziwa ambalo vyombo vyake vya abiria huendeshwa kwa umeme tangu mwaka 1909, na ndipo wakishafika nchi kavu hupambwa. Tarehe hubadilika kwa kufuata hali ya hewa na ya malisho, basi uliza kwanza katika ofisi ya wageni ya kijiji, na ukifika simama kando ya njia, usiwakatize wanyama kwa ajili ya picha.

Safari ya tatu ni ya katikati ya Oktoba, nayo ni ya bonde liitwalo Großer Ahornboden, lililo upande wa Austria katika milima ya Karwendel lakini ambalo barabara yake ya magari hupita Bavaria tu. Bondeni humo imesimama miti mikongwe kwa mamia, kila mmoja peke yake katikati ya majani ya malisho, na kwa muda wa siku chache huwa yote ya rangi ya dhahabu chini ya majabali ya kijivu. Mwenye watoto asiyeweza safari kama hizo asisikitike, maana mashamba yaliyokwisha kuvunwa pembeni mwa kila mji ni uwanja mwema wa kurusha tiara, ilimradi wakae mbali na nyaya za umeme. Na wote, wakubwa kwa wadogo, wajikague mwili jioni wanaporudi kutoka majanini, kwa kuwa kupe wa nchi ile hawafi mara moja kiangazi kinapokwisha, nao huambukiza maradhi ya ubongo ambayo chanjo yake ipo. Mwenye nia ya kukaa sana na amwulize tabibu habari zake.

Uyoga unastahiki maneno yake peke yake. Wabavaria huupenda kwa mapenzi makubwa, na sheria humruhusu mtu kuchuma kiasi kidogo msituni kwa matumizi ya nyumbani mwake, isipokuwa katika hifadhi. Lakini mgeni aliyezoea uyoga wa kwao asitegemee maarifa hayo, kwani wako waliokufa kwa kufananisha. Uyoga hatari kuliko wote, uitwao kwa jina la elimu Amanita phalloides, una kofia ya kijani hafifu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Na ubaya wake zaidi ni kwamba mlaji haoni taabu yoyote kwa muda wa saa 6 hata 24, na anapoanza kutapika ini limekwisha kuingiliwa. Wapo katika nchi ile wajuzi waliofuzu mtihani wa jumuiya ya wataalamu wa uyoga, ambao hukagua kikapu cha mtu kabla hakijaingia jikoni, na asiyempata mmoja wao na anunue uyoga wake sokoni. Kadhalika, tangu ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 udongo wa misitu ya kusini ungali na mabaki ya miali yaliyoletwa na mvua, na uyoga wa mwituni huyavuta. Kula mara moja moja hakumdhuru mtu mzima, lakini haufai kuwa kitoweo cha kila siku, na wajawazito na watoto wadogo ni bora wajizuie. Tena usidanganyike na zile mbegu nzuri za kahawia zinazoanguka chini ya miti ya kastania katika bustani za bia: hizo ni za kastania ya farasi, haziliwi. Zinazoliwa ni za jamii nyingine, nazo huuzwa barabarani zikiwa zimechomwa.

Hapo tumefika kwenye jungu. Chakula cha Oktoba ambacho kila nyumba ya Bavaria hukijua ni uyoga wa malai pamoja na madonge ya mkate, na uzuri wake ni kwamba hutumia mikate iliyokauka ambayo vinginevyo ingetupwa. Chukua gramu 250 za mikate midogo ya juzi, ikate vipande vyembamba, uimwagie robo lita ya maziwa ya moto, uifunike. Kaanga kitunguu kimoja kilichokatwakatwa kwa siagi mpaka kilainike, ukitie humo pamoja na mayai 2, kotmiri, chumvi na kungumanga kidogo ya kukwaruza, ukande kwa mkono, kisha uache kwa nusu saa ili mkate unywe maziwa yote. Lowesha viganja, viringa madonge ya ukubwa wa chungwa dogo, na uyatie katika maji ya chumvi yanayotaka kuchemka lakini hayachemki, kwa dakika 15 hadi 20. Maji yakitokota kwa nguvu madonge huvunjika, na dawa ya kinyunga kilicho laini kupita kiasi ni kukizidishia chenga za mkate mkavu, si unga mwingi. Wakati huo kaanga nusu kilo ya uyoga katika sufuria pana yenye moto mkali, kidogo kidogo, ili uyoga uungue ukingoni badala ya kutokota katika maji yake wenyewe. Ndipo utie kitunguu, malai, chumvi, pilipili manga, na ndimu matone machache.

Katika maboga, litafute lile dogo jekundu liitwalo Hokkaido, kwa sababu ganda lake huliwa na hivyo humwepusha mpishi na kazi ya kumenya. Na hapa Mswahili atajiona yuko kwao, maana Wajerumani wa zama hizi wamezoea kuitia supu ya boga tangawizi mbichi na tui la nazi. Basi kaanga kitunguu na tangawizi, tia kilo moja ya boga lililokatwa, maji ya kulifunika tu, na likishaiva lisage pamoja na tui, kisha onja kabla ya kutia sukari, kwani boga hilo lina utamu wake. Plamu za Septemba, zile ndefu za buluu, hupangwa juu ya unga wa hamira uliotandazwa katika sinia na kuokwa, na keki hiyo huliwa siku ile ile. Ama Jumapili ya tatu ya Oktoba, ambayo ni sikukuu ya makanisa, nyumba nyingi huchoma bata bukini na kukaanga maandazi mapana yaliyovutwa katikati mpaka yakawa membamba, na ukingo wake ukabaki mnene.

Asiyekula nguruwe na awe mwepesi wa kuuliza, bila haya. Maandazi hayo pengine hukaangwa kwa samli ya nguruwe. Madonge ya hotelini pengine hutiwa vipande vya nyama yake. Na ile keki ya chumvi ya vitunguu iandamanayo na mvinyo mpya takriban kila mara huwa nayo. Wenyeji huzoea maswali kama hayo siku hizi, na mpishi wa nyumbani hupendezwa na mgeni anayeuliza mapema kuliko yule anayeacha sahani ikapoa mbele yake.

Sasa tuiendee bilauri, nayo haiwezi kunywewa kwa akili ila na mtu aliyejua kwa nini imekuwa ya msimu. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walipiga marufuku kutia katika bia kitu kingine zaidi ya shayiri, hopsi na maji. Na mwaka 1553 Mtawala Albrecht wa Tano akaongeza amri kwamba isipikwe bia kati ya tarehe 23 Aprili na tarehe 29 Septemba, kwa sababu katika joto hamira huvamiwa na vijidudu na bia kuharibika, na mioto ya viwandani huweza kuteketeza mji mkavu. Ikawa wapishi wa bia mwezi wa Machi wanapika mapipa ya mwisho yenye nguvu zaidi, ili yastahimili kiangazi, na kuyaweka katika sardabu zilizochimbwa ardhini na kujazwa barafu, ambazo juu yake walipanda miti ya kastania kwa kuwa ina majani mapana na mizizi isiyokwenda chini sana. Watu wakaanza kuketi katika kivuli hicho na kunywa papo hapo. Na mwaka 1812 Mfalme Max Joseph akawaruhusu wenye sardabu kuuza bia lakini si chakula isipokuwa mkate, ili wasiwanyang'anye riziki wenye hoteli. Ndiyo asili ya desturi iliyopo hata leo, ya kwamba katika bustani ya bia ya kweli mtu huruhusiwa kuja na kapu lake la chakula kutoka nyumbani, akatandika kitambaa chake katika meza zisizotandikwa na mwenyeji, na kununua kinywaji tu. Mgeni mwenye kipato kidogo asiione desturi hii kuwa ni ya aibu, kwani ni haki ya kale.

Bia hiyo ya Machi, ambayo wenyeji huiita Märzen, ndiyo iliyokuwa ikimalizwa mwanzo wa mapukutiko ili mapipa yapatikane kwa ajili ya upishi mpya, na tangu mwaka 1872 ikaingia katika sikukuu kubwa ya München. Sikukuu yenyewe ilianza Oktoba mwaka 1810 kwa arusi ya Ludwig, mwana wa mfalme, na Therese, ambayo ilihitimishwa kwa mashindano ya farasi katika uwanja unaobeba jina la bibi arusi mpaka leo. Na kwa kuwa Septemba ina jua zaidi, siku zake zikasogezwa mbele, hata sasa huanza Jumamosi inayofuata tarehe 15 Septemba na kwisha mwanzo wa Oktoba. Kuingia uwanjani hakutozwi fedha. Mwenye kutaka kuona bila kukanyagwa na aende mchana wa siku ya kazi, bila mkoba mkubwa, ale kuku wa kuchoma, asikilize tarumbeta, na arudi kabla ya magharibi. Na ajue kwamba bia inayomiminwa humo leo, ya viwanda sita vya mji huo, kwa kawaida ni ya rangi ya dhahabu nyepesi. Ile Märzen ya zamani, ya rangi ya shaba na harufu ya ganda la mkate, ni afadhali aitafute katika chupa au katika hoteli ndogo za vijijini, na ainywe ikiwa baridi ya kiasi, si ya barafu, kwa kuwa baridi kali huua ladha ya kimea.

Märzen hupatana na kuku, uyoga na jibini. Jibini ya kuifuata hutengenezwa nyumbani kwa dakika chache: camembert iliyoiva sana gramu 200, siagi gramu 50, kitunguu nusu, pilipili tamu nyekundu ya unga, kisibiti na chumvi, vyote vikapondwa kwa uma na kulainishwa kwa vijiko viwili vya bia, au vya maziwa kwa asiyetumia bia, na kuliwa na figili nyeupe iliyokatwa nyembamba na kutiwa chumvi. Baada ya Oktoba huja bia nzito ziitwazo bock, ambazo ni mwenzi wa bata bukini na nyama za porini, nazo zatosha katika bilauri ndogo. Na anayefika Bamberg upande wa kaskazini aionje bia ya moshi, ambayo kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni. Bilauri ya kwanza humshangaza mtu, naye asiihukumu kabla ya kuimaliza pamoja na chakula.

Katika majimbo mengine ya Ujerumani yenye mizabibu, kama vile Pfalz, kinywaji cha msimu ni mvinyo mpya ambao ungali unachachuka. Aliyekulia pwani atauelewa upesi kuliko wengine, kwani mambo yake ni kama ya tembo la mnazi: asubuhi mtamu, jioni mkali, na hauwekeki. Chupa yake haifungwi kwa nguvu, kwa maana hewa inayozaliwa ndani ingeipasua, basi ibebe wima mpaka nyumbani na uimalize katika siku mbili tatu.

Kwa mintarafu ya kiasi, hesabu ni bora kuliko mahubiri. Bia ya sikukuu huuzwa kwa lita nzima, na lita moja yenye asilimia 6 ina takriban gramu 47 za kileo halisi, ambazo mwili wa mtu mzima huhitaji kati ya saa 5 na 7 kuziondoa, na hakuna kahawa wala maji ya baridi ya kuharakisha kazi hiyo. Sheria humhesabu dereva kuwa amekosa akifikia nusu gramu ya kileo katika kila kilo ya damu, na aliye chini ya miaka 21 au mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili haruhusiwi hata tone. Ndiyo maana nilitanguliza habari za tikiti ya treni. Bia huuziwa aliyetimiza miaka 16, na vinywaji vikali miaka 18. Chupa tupu usizitupe, kwani kila moja ya bia ya kawaida ina senti 8 zako zilizowekwa rehani dukani.

Ama asiyekunywa, fungu lake ni maji ya matofaa yaliyokamuliwa wakati huo huo, kwani Septemba na Oktoba vijiji vingi huwa na mashine ya kukamulia ambayo watu huiletea magunia ya matofaa yao. Na yakipashwa moto kwa mdalasini na karafuu huwa kinywaji cha jioni kisicho na mpinzani. Lakini ajue kwamba bia inayouzwa kwa jina la kukosa kileo huweza kwa sheria ya Ujerumani kuwa nacho hadi nusu ya asilimia moja. Anayetaka kisiwemo kabisa na atazame chupa iliyoandikwa 0,0.

Inabaki Novemba, mwezi ambao wageni wengi hushindwa, kwa kuwa rangi zimekwisha na theluji haijaja. Tarehe 1 ni siku ya Watakatifu Wote, siku ya kimya, ambayo watu huzuru makaburi ya jamaa zao na muziki wa dansi hukatazwa. Usipange karamu siku hiyo. Tarehe 6 huko Bad Tölz farasi waliopambwa huvuta magari ya mbao mpaka kanisani kwa heshima ya Mtakatifu Leonhard, mlinzi wa mifugo, nayo ni tamasha inayostahili kuamkiwa alfajiri. Tarehe 11, siku ya Mtakatifu Martin, watoto hutembea usiku na kandili walizotengeneza kwa karatasi, na nyumba huchoma tena bata bukini kwa kabichi nyekundu.

Siku hizo za ukungu tembea japo saa moja mchana, hata kama hakuna cha kutazama, kwa sababu mwili uliokosa mwanga hukosa pia usingizi na bashasha. Kisha alika watu. Mjerumani wa kusini si mwepesi wa kumkaribisha mtu asiyemjua, lakini akialikwa huja, tena huja kwa saa aliyoambiwa, naye hulipa ukarimu kwa ukarimu; basi usingoje yeye aanze. Mwandalie supu ya boga yenye tui, mwambie aje na chupa ya bia ya kijiji chake au ya maji ya matofaa ya shamba lao, na mwalike mchana badala ya usiku, ili kabla ya kuketi mpate kuzunguka pamoja msitu ulio karibu.